Barua Isiyo na Salamu

Alhamisi, 14 Novemba

Nimepata hamsini na nne. Walitaka sitini. Mara ya kwanza nilipata hamsini na tatu, kwa hiyo miezi saba ya kujisomea imeniletea alama moja.

Kusikiliza nimefaulu. Kusoma nimefaulu. Kuzungumza ndiyo usiseme. Ni sehemu ya kuandika tu. Mtahini ameacha maoni ya mstari mmoja: lugha ni safi, ila jibu linachelewa kufika. Nimeusoma mstari huo mara kumi, na kila nikiusoma hasira inapanda upya.

Naandika haya ili nisije nikachanganyikiwa bila kumbukumbu. Mimi ni Elieth, wakili wa miaka mitano, ofisi ya Wakili Dionis hapa Gongoni, Tabora, chumba cha nyuma ya duka la mbegu. Shirika moja Arusha limenikubali nikawaandikie barua na maoni ya kisheria, kwa sharti kwamba nilete cheti cha Kiingereza cha sheria kabla ya Aprili kwisha. Nafasi iliyobaki ni moja: Februari 15, Mwanza. Kinachonichosha zaidi ni kwamba mahakama zetu zimehamia Kiswahili. Wenzangu wanakisahau Kiingereza kwa raha zao, mimi ndiyo kwanza nakikimbilia.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimempata mwalimu. Mama Mektilda, hakimu mstaafu, anakaa njia ya Kwihara. Watu bado wanamwita Mheshimiwa, na yeye bado anaitika. Hataki malipo. Anataka barua mbili kila wiki na nisilie.

Leo nimempelekea barua ya kumjibu mteja wa kubuni ambaye mkataba wake hauna nguvu. Amesoma na kalamu ya kijani mkononi. Kalamu haikugusa karatasi mpaka chini kabisa.

"Huyu mteja anataka kujua nini?" akaniuliza.

"Kama mkataba wake una nguvu."

"Una nguvu?"

"Hauna, Mheshimiwa."

"Sasa mbona mpaka nafika hapa najua hali ya hewa, najua mnamheshimu, najua mmefurahi kupokea barua yake, hilo moja tu ndilo silijui?"

Nikamwambia huo ndio utaratibu wa barua. Akasema huo ndio utaratibu wa kupata hamsini na nne.

Ijumaa, 22 Novemba

Mvua. Umeme hakuna. Sikuandika kitu.

Alhamisi, 28 Novemba

Jana Mahakama Kuu imesoma hukumu ya Mzee Masolwa wa Lusu. Ameshindwa. Majaruba yake ya mpunga, ekari nane, yamekwenda kwa familia ya Shaban, yule mwenye mashine ya kukoboa pale Nzega. Dionis amesoma hukumu yote na kusema hakuna pa kushika, rufaa haipo. Nami nimeisoma. Ni kweli.

Mzee hakuwepo mahakamani, alikuwa na ng'ombe mgonjwa. Nikasema tumpigie simu. Dionis akanitazama kama nimetukana.

"Habari ya namna hiyo haipigwi simu, mwanasheria. Mwandikie. Ile barua yako nzuri."

Nikaandika. Nainakili hapa, maana Dionis ameisifu na sifa kwake ni adimu:

"Shikamoo mzee. Ni matumaini yetu kwamba wewe na mama na watoto wote ni wazima, na kwamba mvua za mwaka huu zimeanza vizuri huko Lusu. Sisi huku hatujambo, tunaendelea na majukumu. Pole sana kwa kuuguliwa na ng'ombe. Tunapenda kukufahamisha kwamba mahakama imelitazama jambo letu kwa namna yake, na kwa sasa mtazamo huo umeelekea zaidi upande wa pili. Tunakuomba uwe na subira, na utakapopata nafasi ufike ofisini tuzungumze."

"Hii ndiyo barua," Dionis akasema. "Mtu anaianza amekaa, anaimaliza bado amekaa."

Tumeituma kwa kondakta wa basi.

Jumamosi, 7 Desemba

Maneno mia mbili na kumi na nne kabla ya jibu. Mama Mektilda amehesabu moja moja, mbele yangu, kwa sauti.

Jumatano, 11 Desemba

Mia na themanini. Ninaposhindwa ni pale mahali pa kuandika "hapana". Mkono unakataa. Naandika "kwa masikitiko", naandika "pamoja na hayo", naandika kila neno lililopo duniani isipokuwa lile moja.

Jumamosi, 14 Desemba

Leo Mama Mektilda ameweka kalamu chini na kuniuliza nani alinifundisha kuandika hivi. Nikamwambia hakuna aliyenifundisha, ndivyo watu wanavyoambiana. Akasubiri, kama alivyokuwa akiwasubiri mashahidi. Nikajikuta nimeeleza.

Nilikuwa kidato cha tatu, bweni, Igunga. Mwalimu wa zamu akaniita akasema baba anaumwa kidogo, niende nyumbani nikamwone. Akanipa hata nauli. Basi liliposimama Nzega nikanunua machungwa ya mgonjwa. Njia nzima nilikuwa napanga: nikifika nitamenya mawili, nitamkamulia. Nilishuka Tabora nikatembea mpaka nyumbani na mfuko wangu, nikakuta turubai na viti vya kukodi. Alikuwa amefariki tangu alfajiri. Mwalimu alijua. Kondakta alijua. Nadhani hata mama wa machungwa alijua, maana aliniongeza mawili.

Mpaka leo sijui kama nimewasamehe. Kuna siku naona walinidanganya. Kuna siku naona walinipa masaa manne ya kuwa na baba, na hayo hakuna mwingine angeweza kunipa.

Mama Mektilda akasema, "Pole, mwanangu. Sasa anza upya aya ya kwanza."

Jumatano, 25 Desemba

Kanisani, wali, usingizi.

Alhamisi, 9 Januari

Maneno arobaini kabla ya jibu. Nimefurahi mpaka nikamnunulia Dionis soda. Ameinywa na kusema nimeanza kuwa mkavu. Kweli, juzi nilimjibu karani "hapana" peke yake, akaenda kuuliza watu amenikosea nini.

Jumanne, 21 Januari

Leo siku imeharibika, naiandika yote.

Saa tatu asubuhi ameingia mtu wa kupeleka nyaraka kutoka kwa wakili wa Shaban. Mzee Masolwa amepanda mpunga. Majaruba yote, ekari nane, tangu Krismasi. Familia yake nzima imeingia kwenye maji na kupandikiza shamba ambalo mahakama imeshasema si lao. Mwenyekiti wa kijiji alipokwenda kumzuia, mzee aliingia ndani akatoa karatasi akamsomea: mahakama imelitazama jambo letu kwa namna yake, tunakuomba uwe na subira. Mwenyekiti akaona kesi bado inaendelea, akarudi nyumbani.

Nakala ya barua imebandikwa nyuma ya nyaraka. Sahihi yangu chini, inang'aa.

Wakili wa Shaban anasema wateja wake watakazia hukumu na wataingiza ng'ombe kwenye mpunga huo.

Dionis alisoma, akavua miwani. "Barua hii imeandikwa na nani?"

"Na mimi. Wewe ukaisifu."

"Niliisifu kwa uzuri. Ulitakiwa kufuatilia aje ofisini."

"Wewe ndiye ulisema mvua ikipungua atakuja."

"Mvua haijapungua," akasema, na huo ukawa utetezi wake wote.

Nimekasirika naye, nimekasirika na mzee, nimekasirika na nafsi yangu kuliko wote. Miezi miwili nimekuwa nikiambiwa kila wiki kwamba jibu linachelewa kufika, nami nikadhani hilo ni jambo la mtihani. Wale watu hawakupanda mahindi mwaka huu. Nguvu zao na mbegu zao zote ziko kwenye maji ya mtu mwingine. Ng'ombe wakiingia, nyumba ile haitakuwa na chakula mwaka mzima, na sahihi ni yangu.

Alhamisi, 23 Januari

Nimekwenda Lusu. Nimefanya alivyonifundisha Mama Mektilda. Tulipomaliza salamu, mwangaluka na shikamoo, kabla ya kukaa, nikasema: "Mzee, umeshindwa kesi. Shamba si lako tena. Ulishindwa tangu Novemba."

Mkewe, Mama Veneranda, alikuwa akipepeta mtama. Ungo ulisimama mikononi.

Mzee Masolwa akasema, "Kaa kwanza, mwanangu."

"Sitaki kukaa mpaka nijue umenielewa."

"Nilikuelewa tangu barua. Mimi si mtoto. Mtu akishinda anapigiwa simu. Barua inayonipa pole mpaka ya ng'ombe, hiyo ni barua ya msiba. Niliisoma nikamwambia mama Veneranda huyu, tumeshindwa."

Mama Veneranda akaitikia kwa kichwa.

Nikakaa. "Sasa kwa nini ulipanda?"

"Kwa sababu hukusema."

Nikamuuliza ana maana gani. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mgeni njia. Alikuwa na karatasi ya wakili yenye muhuri, na karatasi hiyo haikusema ameshindwa. Angekamatwa angeonyesha karatasi. Kwa karatasi hiyo angefika mpaka mavuno, avune mara ya mwisho, aondoke. "Ulinipa nafasi," akasema. "Nilijua umenipa kwa makusudi. Nikakuombea hata kanisani. Leo umekuja kuniambia mbele ya mke wangu, sasa nimejua. Mtu aliyejua hawezi kuvuna."

Nilitamani kupiga kelele. Nilimwambia sikumpa nafasi yoyote, nilishindwa tu kuandika. Hakuniamini. Hata sasa haniamini, anadhani najishusha.

Aliponisindikiza aliniomba kitu kimoja: nimwandikie Shaban, amruhusu avune huo ulioko ardhini, baada ya hapo aondoke.

Jumamosi, 25 Januari

Nimeandika. Sentensi ya kwanza: "Tunaomba umruhusu Mzee Masolwa avune mpunga uliokwisha kupandwa, kisha akabidhi shamba." Sababu mbili. Tarehe. Sahihi. Maneno tisini yote kwa jumla.

Mama Mektilda amenipa nane juu ya kumi, hajawahi. "Sasa umeandika kama mtu mwenye kazi," akasema. Nimetoka pale nikitembea juu juu.

Jumanne, 4 Februari

Shaban amepiga simu mwenyewe.

"Wewe ndiye wakili Elieth?"

"Ndiye."

"Barua yako nimeipata. Nimeigeuza nyuma nikidhani kuna ukurasa mwingine." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka. "Baba yangu amefariki tarehe kumi na tisa Desemba. Nzega nzima imekuja kuzika. Aliyeshinda hiyo kesi ni yeye, jina lake ndilo lililoko kwenye hukumu. Wewe umeandika mpunga, mpunga, mpunga. Pole hakuna. Salamu hakuna. Hata mtu anayekuja kukudai hodi anabisha."

Nikasema sikujua.

"Masolwa anajua. Anakaa hapo kwenye pua yangu na hakuja kuzika. Kwa ajili hiyo ng'ombe wangu wataingia." Akakata.

Sitaki kuandika zaidi.

Jumatano, 5 Februari

Naandika. Barua yangu ndefu imepandisha mpunga usiotakiwa, barua yangu fupi inaung'oa. Nimemuuliza Mama Mektilda anifundishe barua ya urefu gani haimuumizi mtu. Amesema tukutane Jumamosi, mada ni matumizi ya vichwa vidogo.

Dionis, kwa upande wake, hakunicheka. Alisema, "Nendeni mkahani msiba. Wewe na mzee. Kabla ya mtihani wako, maana ukishatoka huko utakuwa umebaki na Kiingereza kitupu."

Alhamisi, 13 Februari

Tumekwenda kwa Shaban, mimi na Mzee Masolwa. Mzee alivaa koti lake la kanisani. Njiani nilimwandaa: tukishatoa pole, dakika kumi zikipita, aombe. Ama aniachie mimi niombe.

Tumekaa masaa mawili na robo. Pole ya msiba ilitolewa na kupokelewa. Kisha ikaelezwa jinsi ugonjwa ulivyoanza, hospitali ya kwanza, hospitali ya pili, dawa iliyokosekana. Kisha mzee akaeleza jinsi yeye na marehemu walivyochunga pamoja wakiwa vijana, kabla ya majaruba, kabla ya kesi. Akasema, "Sikuja kuzika. Niliona aibu ya miguu yangu." Shaban akatazama chini. Mimi nilikuwa nasubiri mwanya, na kila mwanya ukitokea mtu analeta chai.

Mpunga haukutajwa. Hata punje.

Tukaaga. Shaban akatusindikiza mpaka barabarani, na pale, akiwa ameshatupa mkono, akamwambia mzee: "Ndege mwaka huu wengi. Mpunga usipowekewa walinzi hautafika."

"Wengi kweli," mzee akajibu.

Basi. Shaban akageuka, akarudi kwake.

Nilianza kulalamika kabla hatujafika stendi. Tumepoteza siku nzima, kesho nasafiri kwenda Mwanza, na hujaomba kitu. Mzee akanitazama kwa huruma hasa, ile ya kumhurumia mtu asiyeona vizuri. "Ameruhusu," akasema. "Mtu hawezi kukuambia ulinde mpunga anaotaka kuwalisha ng'ombe." Nikamwambia hilo mahakamani si kitu. Akasema ndiyo maana mahakamani alishindwa.

Jumamosi, 15 Februari

Mwanza. Mtihani umepita. Swali la pili: mteja wako amekubaliana kwa mdomo na jirani yake kuhusu matumizi ya shamba, mwandikie jirani kuthibitisha makubaliano hayo. Nilicheka, msimamizi akanitazama. Niliandika kwa dakika arobaini bila kusita. Jibu liko sentensi ya kwanza. Ni barua bora kuliko zote nilizowahi kuandika, na jirani mwenyewe hayupo.

Jumanne, 18 Februari

Nimeiandika ileile kwa Kiswahili, safari hii kwa Shaban halisi, na pole juu. Kwamba tunathibitisha umeruhusu mavuno. Mama Mektilda anasema itume leo. "Bila maandishi huna kitu. Nimeshawarudisha nyumbani watu wazima waliokuja na hadithi za ndege."

Dionis anasema nisithubutu. Mirathi haijagawanywa. Shaban ana ndugu watano, na ruhusa iliyoandikwa ni ruhusa ya mali ya wote sita. Wakiiona atalazimika kuikana. Kwa mdomo anaweza kutazama pembeni. Kwenye karatasi hawezi.

Wote wawili wana haki, na hilo ndilo linaloniudhi. Barua iko kwenye droo. Kila asubuhi naifungua droo, naifunga.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua zimesimama siku tisa. Nimeota ng'ombe.

Jumatatu, 17 Machi

Imenyesha. Ng'ombe hawajaingia. Droo bado.

Alhamisi, 27 Machi

Sabini na moja. Nimefaulu. Mama Mektilda amesema "vizuri", akaniomba nimsomee karatasi ya matokeo yote, kisha akaniomba nimsomee tena. Dionis amenishika mkono kwa mikono miwili. Nilidhani nitaruka kwa furaha. Nimefurahi, ndiyo, ila nimechoka zaidi. Arusha wananitaka Mei 12.

Jumatano, 16 Aprili

Nimeichana barua ya droo. Sikutaka wakili atakayekaa kwenye kiti changu aikute na kuituma kwa nia njema.

Jumamosi, 3 Mei

Lusu. Wanavuna. Sikualikwa, nimekwenda tu kuaga.

Shaban alikuwepo, amekaa pembeni ya jaruba chini ya mwavuli, na magunia yake matupu yamekunjwa karibu. Hakuna aliyetamka mgao. Vijana walipoanza kujaza, yakajazwa ya Shaban kwanza, saba, yakashonwa. Kisha wakaendelea na ya mzee. Mama Veneranda alikuwa akiimba na kukata, na mzee alikuwa akikagua mabua aliyoyaacha nyuma kama mtu anayetoka kwenye nyumba ya kupanga na kutazama vyumba. Jumatatu anakabidhi shamba.

Nilimsalimia Shaban sawasawa. Mama, watoto, mashine, afya. Nilijitahidi. Akaniuliza ni kweli naondoka.

"Ni kweli. Nakwenda Arusha."

"Kufanya nini?"

"Kuandika barua za kisheria. Kwa Kiingereza."

"Kwa akina nani?"

"Makampuni. Watu wa nje huko. Siwajui."

Akaitikia kwa kichwa.

"Watu usiowajua," akasema. "Hiyo utaiweza."

Hakuwa anatania, wala hakukusudia ubaya. Iliniuma palepale. Nikamuaga kwa kirefu, mama, watoto, mashine, kisha nikapanda basi la Tabora.